Kisanduku cha Tatu

Kitufe cha kijani kwenye kioo cha kompyuta kilikuwa kimepanda juu kuliko ilivyopasa, kwa kadiri ya unene wa uzi mmoja, na Asabe hakuweza kukivumilia. Akakishusha. Akasogeza kiti nyuma, akafumba jicho moja kama afanyavyo mdarizi wa kofia anapoinua kitambaa kwenye mwanga wa mlango, kisha akakishusha tena.

"Malama," alisema Tolani kutoka meza ya pili, "hicho kitufe umekishusha mara sita tangu asubuhi. Kikianguka chini ya meza tutakizoa kwa ufagio."

"Heri kizolewe kwa ufagio kuliko mama wa watu kukitafuta kwa tochi."

"Mimi sioni tofauti yoyote."

"Ndiyo maana kofia za kwenu huvaliwa zimepinda."

Tolani akacheka, maana ni kweli kwamba baba yake, huko Abeokuta, hakuwahi kutoka nyumbani na kofia iliyonyooka.

Asabe alikuwa na miaka arobaini na minne, na thelathini kati ya hiyo aliimaliza ameinamia kofia. Alishika sindano akiwa na miaka tisa katika ua wa nyumba yao, ndani ya kuta kongwe za mji wa Kano, na kofia zake zilikwenda soko la Kofar Wambai, zikavaliwa na watu wazito ambao hakuwaona wala hawakumjua. Adariziye kofia huhesabu kama mtunga tenzi ahesabuvyo mizani: akizidisha pigo moja mwanzoni, mwisho haukutani na mwanzo, na hakuna gundi ya kuficha aibu hiyo. Kisha zikaja kofia za mashine kutoka ng'ambo. Muda ambao yeye alimaliza ukingo wa kofia moja, mashine ilimaliza kofia kumi, na wachuuzi wakaacha kubisha mlangoni. Kituo cha akina mama cha mtaani kilipotangaza mafunzo ya kusanifu kurasa za simu, alikwenda kwa sababu mwalimu alisema kazi yenyewe ni kupanga maumbo ndani ya miraba. Miraba aliijua.

Tangazo la kazi la Malam Nasiru, mwenye karakana ya kusanifu kurasa hizo, lilitaka shahada ya chuo kikuu, uzoefu wa miaka mitatu, jicho la rangi, kuzijua programu tano ambazo majina yake Asabe aliyahifadhi kama mwanafunzi ahifadhivyo sura fupi, na mwisho kabisa, kwa herufi ndogo, uwezo wa kuwasikiliza watumiaji. Shahada hakuwa nayo. Uzoefu alisema anao wa miaka thelathini; wakacheka, wakampa jaribio, na jaribio lake likawa safi kuliko yote. Basi akapewa siku tisini za kutazamwa. Jumatatu hiyo zilikuwa zimebaki nne. Siku ya Alhamisi wakuu wa zahanati wangekuja kuwatazama akina mama kumi wakiitumia kazi yake. Ikipita, angeandikiwa barua ya ajira. Isipopita, angerudi kwenye mlango ambao wachuuzi hawaubishi tena.

Kazi ilikuwa ya chanjo. Mama anamwandikisha mtoto wake kwenye simu, naye akiwa peke yake nyumbani kwake, na siku ya sindano ikikaribia simu inamkumbusha kwa sauti, kwa lugha ya jikoni kwake. Visanduku vilikuwa vitatu tu. Cha kwanza kilimtaka abonyeze picha ya zahanati yake. Cha pili kilitaka siku aliyozaliwa mtoto. Cha tatu kilikuwa na picha ya mdomo, na simu iliuliza kwa upole: "Mtoto wako anaitwa nani?" Mama ataje jina, basi, yamekwisha. Maswali yalitoka zahanati. Asabe aliyavika nguo.

Saa nne yeye na Tolani wakachukua simu mbili wakaenda zahanati kufanya jaribio la kwanza, ili Alhamisi isiwakute bila maandalizi.

Vumbi la upepo wa jangwa lilikuwa limetanda, na akina mama walikaa kwenye mikeka chini ya paa la bati, shungi zimefunika pua. Tolani alishika daftari. Asabe alikaa mkekani, bega kwa bega na wenyewe, maana alijua kwamba mtu akisimamiwa juu ya kichwa hata njia ya chooni huisahau.

Wa kwanza kupewa simu alikuwa Rakiya, mke mdogo wa miaka kumi na tisa, mwenye mtoto mgongoni na hina ambayo haijafifia. Kisanduku cha kwanza alikibonyeza bila kuuliza. Cha pili vivyo hivyo. Asabe aliona kidole kikienda kule kule alikotaka kiende, na moyo wake ukatulia kama mstari uliofika ukingoni na hesabu yake kamili.

"Mtoto wako anaitwa nani?" ikauliza simu.

Rakiya akavuta shungi hadi machoni.

"Jibu, inakuuliza," alisema jirani yake.

"Ijibu wewe."

"Mimi namjua mwanao?"

"Mtoto wako anaitwa nani?" ikarudia simu, kwa subira ile ile.

"Iandike Ladi," alisema Rakiya haraka, uso wake ukiwa ukutani.

"Ladi ni wangu mimi," alisema mwanamke mwingine. "Na alishachanjwa. Mnataka achomwe mara mbili?"

Mkeka mzima ukacheka, na mtoto aliyekuwa mgongoni akaamka. Bibi mmoja mwenye meno mawili alinyoosha shingo kukitazama kioo. "Simu hii haina adabu," alisema. "Imetoka wapi? Bila shaka imetoka Zaria."

Wa pili alifika kisanduku cha tatu akakohoa mpaka akaomba maji. Wa tatu, ambaye watoto wake walikuwa wanne, alitaja jina la kitindamimba bila kusita. Wa nne alisema "Yaya", jina ambalo humfaa mtoto yeyote. Walipomaliza kumi, wanne walikuwa wamepita na sita wamekwama, na sita hao wote walikuwa wamembeba mtoto wa kwanza. Tolani alikuwa ameandika kwa mwandiko mzuri: *Picha ya mdomo haieleweki. Ikuzwe. Rangi ibadilishwe.*

Asabe alilisoma daftari. Alijua kwamba picha ilieleweka vizuri mno.

Njiani kurudi alikuwa anakumbuka. Majuma matatu aliijaribu kazi ile nyumbani, asubuhi na jioni, na kila simu ilipomuuliza mtoto wake anaitwa nani, alijibu "Sahura". Sahura alikuwa mtoto wake wa tatu. Kwa siku ishirini na moja ulimi wake ulikwepa kama mguu ukwepavyo kisima uani hata gizani, naye hakuona kwamba amekwepa. Kifungua mimba wake alikuwa na miaka ishirini na miwili, fundi wa magari huko Kaduna, na Asabe hakuwahi kulitaja jina lake hata siku moja, si mbele ya watu wala ndani ya dua. Katika dua alisema "yule mja wako, wewe unamjua". Na jina lenyewe lilikuwa la baba mkwe wake, ambaye naye hatajwi, kwa hiyo mlango ule mmoja ulikuwa na kufuli mbili. Mumewe, Mungu amrehemu, alikuwa akimcheka kwa hilo, na yeye mwenyewe aliitwa "mwenye nyumba" mpaka siku alipotiwa kaburini.

"Si picha," alimwambia Tolani walipoketi. "Ni haya. Kwetu mama hamtaji kifungua mimba wake."

"Kamwe?"

"Kamwe."

Tolani aliweka kalamu chini. Alikuwa msichana mwerevu, na kazi ile aliisomea miaka minne. Akafikiri, kisha akasema kwa sauti ndogo, kwa nia njema kabisa: "Basi Alhamisi tuchague akina mama wenye watoto wawili na zaidi. Watapita wote kumi. Barua itoke kwanza. Hicho kisanduku tutakirekebisha baadaye, taratibu, wewe ukiwa ndani."

Hakuna ambaye angejua, na wazo lile lilikuwa limenyooka.

"Na Rakiya?" alisema Asabe.

"Rakiya atasubiri mwezi mmoja."

"Mtoto wake ana majuma kumi."

Jumanne asubuhi aliingia kwa Malam Nasiru. Alikuwa kijana wa miaka thelathini na mmoja, mzaliwa wa Zaria, na watu wa Zaria na wa Kano ni watani tangu enzi za farasi.

"Mkano amekuja na uso wa kudai," alisema. "Nimeficha chakula."

"Chakula cha Zaria kitafichwa wapi, na wenyewe hamkioni? Malam Nasiru, wewe ni mtoto wa ngapi?"

"Wa kwanza."

"Mama yako anakuitaje?"

Nasiru alisogeza kiti nyuma. Akatazama dirishani, kule jenereta ya jirani ilikokuwa inanguruma. "'Yule wa chumba cha mbele'," alisema. "Hata nikiwa nimekaa mbele yake. Chumba chenyewe kilivunjwa mwaka juzi."

"Na sisi tumemtengenezea simu inayomuuliza."

Nasiru hakuwa mjinga. Alikuwa mtu aliyekulia ndani ya jambo, na aliyezaliwa ndani yake hulivaa kama ngozi. Akashika kichwa. "Lakini zahanati huuliza jina kila siku, miaka yote. Mbona kadi zao zinajazwa?"

"Kadi hujazwa bibi akiwepo. Muuguzi anauliza, mama anatazama chini, bibi anajibu. Simu haina bibi."

"Siku mbili, Malama. Dakta Zulai, mkuu wa zahanati, aliniuliza waziwazi kwa nini nimemweka mtu asiye na shahada. Kazi ikikwama mbele yake sitakuwa na mdomo wa kukutetea. Iliyopo walau inapita kwa baadhi yao."

"Waite kumi wale wale wa Jumatatu," alisema Asabe. "Wale wale. Na Rakiya awepo."

Akarudi mezani akafumua. Kufumua ni nusu ya udarizi: nyuzi hazikatwi kwa hasira, huvutwa moja moja, ili kitambaa kisibaki na makovu. Alikiondoa kisanduku cha tatu chote, na mdomo wake, na ile sauti ya upole. Tolani alipendekeza namba badala ya jina. Asabe alimwuliza namba ya simu ya mama yake mzazi, Tolani hakuikumbuka, wakaachana na namba. Akapendekeza picha ya mtoto. Asabe akasema mtoto wa majuma kumi na mtoto wa miezi minane ni watu wawili, na wapo wasiopenda watoto wao wapigwe picha. Alikuwa akisema haya huku kalamu yake ikichora pembeni mwa karatasi, bila kukusudia, maua ya kofia: nyota, kisu, jicho la njiwa, mwezi uliopasuka. Mkono ulipoyafikia maua kumi ukasimama.

Jumatano baada ya swala ya alasiri alikuwa nyumbani, simu mkononi, mbele ya Goggo, shangazi wa marehemu mumewe, ambaye macho yake yalikuwa yameingia ukungu lakini ulimi wake bado ulikuwa na miaka thelathini. Goggo alikuwa akinywa fura yake ya mtama na maziwa.

"Hiki kitu kinataka nini kwangu?"

"Kinauliza nani atataja jina, Goggo. Angalia, hapa pana picha ya bibi, hapa shangazi, hapa mke mwenza, hapa muuguzi. Mama anabonyeza, kisha anampa simu huyo aliyembonyeza."

"Mke mwenza mtoe. Wangu mimi angemtaja mbuzi."

"Wengine wanapendana, Goggo."

"Muwaombee dua." Akafuta mdomo. "Haya. Nimtaje yupi?"

Asabe akavuta shungi hadi machoni. Bibi akangoja, kisha akaelewa, akacheka kimya mpaka mabega yakatikisika. Akaisogeza simu karibu na midomo kama mtu anayepuliza moto, akalitaja jina la mtoto na la baba yake, pole pole, kila herufi mahali pake, kwa namna alivyokuwa akimwita kaka yake aliyekufa. Kwenye kioo vijistari vya sauti vilipanda na kushuka kama pindo. Asabe alikuwa amegeukia ukuta wa udongo, anaokota uzi ambao haukuwapo mkekani.

Kisha simu ikamwonyesha maua kumi ya kofia, achague moja liwe alama ya mtoto huyo. Tangu hapo mama hangeulizwa jina tena, wala simu isingelitaja mbele za watu mpaka alama ibonyezwe na kushikiliwa. Akachagua jicho la njiwa, ua ambalo alilidarizi kwenye kofia ya kwanza ya mtoto yule.

Alhamisi walikuja wote kumi. Dakta Zulai alikaa kwenye kiti cha plastiki, miwani kwenye ncha ya pua, na msaidizi wake akiandika. Tisa walipita. Wengine walimpa simu bibi, wengine muuguzi, na bibi mwenye meno mawili alitaja majina ya wajukuu wanne na kuomba amtaje na wa tano aliyekuwa bado tumboni.

Rakiya alikuja mwisho, na alikuja peke yake. Mama mkwe alikuwa mgonjwa. Muuguzi hakumjua mtoto. Jirani wa Jumatatu naye alishasema hamjui. Simu ikamuuliza nani atataja jina. Kidole kikaning'inia juu ya picha, kutoka ya kwanza hadi ya mwisho. Tolani alimtazama Asabe. Asabe alitazama kidole.

Chini ya picha palikuwa na kitufe kidogo cha kijani, kile kile kilichoshushwa mara sita, sasa kimeandikwa neno moja tu, nalo simu hulisema kwa sauti: *Baadaye.* Rakiya akakibonyeza. Simu haikumgombeza. Ikamfungulia maua, naye akachagua mwezi uliopasuka, ikamwambia sindano ni Jumanne ijayo.

"Mtoto huyu hana jina," alisema Dakta Zulai. "Kisanduku ni kitupu. Huko si kukosea?"

"Kinasubiri, Hajiya Dakta," alisema Asabe. Sauti yake haikuwa kubwa. "Bibi akipona atakijaza. Kama tungekilazimisha kijae leo, angetupa jina la mtoto wa mtu."

"Na asipokijaza?"

"Atakuwa amechanjwa bila jina. Jumatatu alikuwa na jina bila chanjo."

Daktari akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya shungi, muda mrefu kuliko ulivyohitajika. "Wangu ana miaka thelathini," alisema, bila kumwambia mtu yeyote hasa. Akaomba apewe simu. Akaitazama ile safu ya maua, akairudisha bila kubonyeza, akamnong'oneza msaidizi wake kitu kirefu cha kuandikwa.

Jumatatu iliyofuata Malam Nasiru alileta bahasha na kuiweka juu ya meza ya Asabe, akarudi nyuma hatua mbili kama mtu aliyeweka chakula mbele ya paka asiyemzoea.

"Barua," alisema. "Na fomu yake. Ijaze kabla Mzaria hajabadili nia."

Asabe akaisoma barua mara mbili, akaikunja sawasawa, ukingo juu ya ukingo. Akavuta fomu. Jina lake akaliandika. Mtaa akauandika. Penye elimu aliandika kituo cha akina mama, miezi minane, na chini yake, baada ya kusita kidogo: *kofia, miaka thelathini.* Kalamu ikashuka kwenye kisanduku kilichofuata, ikasimama.

"Umekwama wapi?" aliuliza Tolani.

"Hapa."

Tolani akainama kusoma. *Jina kamili la mtoto mkubwa, atakayeitwa ikitokea dharura.* Akamtazama Malam Nasiru. Malam Nasiru, ambaye ndiye aliyeitunga fomu ile, akawa anatazama viatu vyake.

"Lete niandike mimi," alisema Tolani. "Nani atanitajia?"

Asabe akafungua mkoba, akatoa simu, akaifungua penye safu ya alama zake, akaisukuma mezani mpaka ikafika mkononi mwa msichana. Kisha akageuza kiti kuelekea ukutani, akaanza kukunjua na kukunja upindo wa ushungi wake.

Tolani akaweka kidole juu ya jicho la njiwa, akakishikilia. Ndani ya chumba kile kidogo, juu ya ngurumo ya jenereta, ikasikika sauti ya bibi mzee ikitaja pole pole, na kalamu ikawa inaandika.